Unataka kubadili ile 18-55 iliyokuja na kamera na hela ni ya mawazo? Pitia hapa kabla hujanunua lenzi

Juzi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanipigia simu usiku. Shikamoo kaka, marahaba, afu hapohapo akaingia kwenye mada: "Kaka nimejikusanya kidogo, nataka nichukue 50 ya f/1.8, niende?" Nikamwambia tulia kwanza, kabla hujatoa hata shilingi mia nitumie picha zako mia mbili za mwisho ulizopiga kwenye shughuli, sio zile nzuri ulizopost, zote. Akashangaa kidogo, anauliza lenzi na picha za zamani vinahusiana nini. Vinahusiana sana bana, na ndio maana nimekaa kuandika hii kitu yote kwa mpangilio, maana yeye sio wa kwanza kuniuliza.

Mimi napiga picha Dar, shughuli za familia zaidi: kupeleka mahari, sendofu, kipaimara, mahafali, harusi ndogondogo. Nilianza na Canon 700D na 18-55 yake, na kosa nililofanya na lenzi yangu ya kwanza bado linaniuma mpaka leo. Nilisikia kila mtu anasema 50, 50, 50, nikaiuza 18-55 nikaongezea hela nikachukua 50. Siku tatu baadae nina kazi ya mahari, nyumba ya kawaida tu, sebule kama mita tatu na nusu kwa nne, wazee tisa kwenye makochi, mgongo wangu uko ukutani kabisa na nikichungulia kwenye kamera naona watu wawili. Wawili tu! Bibi mzaa baba alikuwa ametoka Moshi kwa ajili ya siku ile, akataka picha na wajukuu wote, na mimi nikapiga wajukuu vipandevipande, watatu huku watatu kule, kutoka nje haiwezekani giza lishaingia. Wiki iliyofuata mama mwenye nyumba akaniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, ile ya bibi na wajukuu wote iko wapi?" Sikuwa nayo. Lenzi haikuwa na kosa lolote, ilikuwa lenzi nzuri, ila haikuwa ya kazi ile na mimi sikupima.

Kwahiyo hapa tunapima kwanza. Nitaongea zaidi Canon za kropu, zile zenye sensa ndogo (sensa ni kile kibao cha ndani kinachonasa picha), yani 700D, 750D, 1300D, 2000D, 200D, 80D na wenzake, ndio nazijua mikononi, ila Nikon na Sony nitawapitia pia.

HATUA YA 1: HAKIKISHA LENZI NDIO MGONJWA

Toka nje saa tatu au saa nne asubuhi, jua lipo. Weka 18-55 yako kwenye 35mm, apecha (tundu la kupitisha mwanga) f/8, ISO (namba ya kamera kuongeza nguvu ya mwanga) 100, piga ukuta wa matofali au gazeti ulilobandika ukutani. Rudi ukuze kwenye kompyuta. Utashangaa, ile lenzi unayoidharau inatoa picha shapu kabisa. Hii 18-55 IS STM (IS ni stebilaiza, inatuliza mtikisiko wa mikono, STM ni aina ya mota ya fokasi) iliyotoka mwaka 2013 pamoja na 700D ukiifunga f/8 mchana unaweza ukamuonyesha mtu picha asijue imetoka lenzi gani. Kama hata hapo picha ina ukungu, futa kioo, toa ile filta ya UV ya bei ya chini uliyofunga mbele, piga tena. Ukiona kushoto shapu na kulia kumelegea hata ukirudia mara tatu, basi lenzi ilishaanguka siku moja, vioo vimekaa upande.

Sasa chukua picha zako mbovu za usiku uziangalie kwa makini, maana kila ubovu una jina lake. Viti na meza viko shapu lakini watu wamechorekachoreka, hiyo shata yako ilikuwa ndogo, yani kamera ilifunguka muda mrefu mno, labda 1/30 ya sekunde, na mtu anayecheza anataka 1/125 mpaka 1/250. Kila kitu kimechoreka mpaka ukuta, hiyo ni mikono yako. Aliyekaa nyuma ya bibi harusi yuko shapu na bibi harusi mwenyewe hayuko, hapo fokasi imedaka mtu mwingine kwa sababu umeiachia kamera ichague pointi yenyewe, chagua pointi moja wewe na uiweke kwenye jicho, hiyo ni bure kabisa. Picha ina chengachenga, ISO imepanda 6400 kwa kukosa mwanga. Au hukuweza kuwaingiza wote, au hukuweza kumfikia aliyeko mbali.

Shata ndogo ya ukumbini na chengachenga ni kitu kimoja, mwanga haukutosha. Kuingiza wote na kumfikia wa mbali ni suala la milimita za lenzi, namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu. Hayo mawili ndio lenzi mpya inatibu. Mengine ukinunua lenzi utahama nayo.

HATUA YA 2: HESABU PICHA ZAKO

Hii ndio niliyomfanyisha mdogo wangu. Weka picha za shughuli mbili tatu kwenye folda moja. Ukiwa na Windows fungua folda kwa mtindo wa orodha yenye safu, bonyeza kulia juu ya vichwa vya safu, ongeza safu ya milimita za lenzi na ya ISO, afu zipange kwa milimita. Wenye Lightroom ni rahisi zaidi, kwenye filta ya metadata inakuhesabia yenyewe ngapi umepiga kwa 18mm, ngapi 24, ngapi 55.

Andika kwenye karatasi makundi matatu: 18 mpaka 24, 25 mpaka 40, 41 mpaka 55. Mdogo wangu alikuja na picha 212, katika hizo 131 ziko 18 mpaka 24, na 29 tu ndio ziko juu ya 40. Nikamuuliza, sasa hiyo 50 unainunua ukapigie nini? Akanyamaza. Yeye anapiga vyumbani, darasani, kwenye mabasi ya mahafali, dunia yake iko karibu na ni pana. Mwingine ningemkuta robo tatu ya picha ziko palepale 55, lenzi imevutwa mpaka mwisho na bado alitaka isogee, huyo ni mtu mwingine kabisa na lenzi yake ni nyingine.

Angalia na ISO. Kama picha zako nyingi ni ISO 100 mpaka 800 huna shida ya mwanga, na hela ya lenzi kubwa utaitupa.

HATUA YA 3: SELOTEPU

Kabla ya kununua lenzi isiyo na zumu, zile wanaziita praimu, ishi nayo bure kwanza. Zungusha 18-55 mpaka 24, funga ringi ya zumu kwa selotepu ya karatasi, piga siku nzima hivyohivyo. Kesho yake 35. Keshokutwa 50. Nenda nayo kwenye shughuli kabisa ukiwa mgeni, sio siku ya kazi ya mtu. Utajua ndani ya saa moja tu kama unabanwa.

Na kama hutaki hata selotepu kuna hesabu ya darasa la tano: upana unaoingia kwenye picha ni umbali wako zidisha 22 gawa kwa milimita za lenzi. Ile 22 ni upana wa sensa ya Canon ya kropu, una milimita 22.3, wenye Nikon na Sony wekeni 23.5. Ukisimama mita 3 na 50mm, unapata mita 1.3, watu wawili waliobanana kama nilivyokwambia. Mita zilezile 3 na 24mm unapata mita 2.8. Na 18mm mita 3.7. Ukitaka mstari wa familia wa mita 3 uingie kwenye 50 inabidi urudi nyuma karibu mita 7, sebule gani hiyo? Chukua futi kamba upime sebule yenu, ukumbi mnaofanyia kazi, studio yako kama ipo. Mimi ningefanya hii hesabu ya dakika mbili, yule bibi angepata picha yake.

HATUA YA 4: JUA KAMERA YAKO INAPOKEA NINI

Canon DSLR za kropu zinachukua lenzi za EF (alama nyekundu ya duara kwenye maunti, pale lenzi inapofungwa) na EF-S (mraba mweupe). Za fulu fremu, zenye sensa kubwa, kama 6D na 5D zinachukua EF tu, kwahiyo kama unaota kuhamia fulu fremu ndani ya mwaka, fikiria kabla hujaweka hela nyingi kwenye EF-S. Ila usinunue lenzi ya leo kwa ajili ya kamera ya ndoto, nimeona watu wamekaa miaka mitano na lenzi isiyowafaa wakisubiri bodi ambayo haikuja.

Wenye Nikon mnisikilize vizuri, nyie ndio mnapigwa sana. D3000 zote na D5000 zote, D3200, D3400, D5300 na kadhalika, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ile 50mm f/1.8D ya bei nafuu itafunga vizuri, itapiga, lakini otofokasi hakuna, utazungusha kwa mkono. Nyie mnatafuta iliyoandikwa AF-S. Na zile mpya za AF-P nazo zina yake, kwenye D3200, D5100 au D90 hazifokasi hata kwa mkono. Kwenye D90, D7000, D7100, D7200 mota ya bodi ipo, kwahiyo 50 D inafanya kazi kama kawaida.

Canon R50, R10, R100: lenzi zenu ni RF, na EF zote za zamani zinakaa vizuri mkitumia adapta ya EF kwenda R, otofokasi inafanya kazi kabisa.

HATUA YA 5: UCHAGUZI WENYEWE

Kwanza tuelewane kuhusu mwanga maana hapa ndio pesa ilipo. Namba ya f ni milimita za lenzi ukigawa kwa upana wa tundu. 18-55 ukiivuta mpaka mwisho iko f/5.6, tundu lake linakuwa na upana wa milimita kama 10. 50mm ikiwa f/1.8 tundu ni karibu milimita 28. Ukilinganisha f/5.6 na f/1.8 mwanga ni karibu mara 10. Yani ukumbi uleule, shata ileile 1/125, picha iliyokuwa inataka ISO 6400 sasa inataka 640 hivi. Ukiona kwa macho yako mara ya kwanza unaweza ukakaa chini.

Canon EF 50mm f/1.8 STM, ya mwaka 2015, ndio hiyo. Ilitoka kwa dola 125 hivi Marekani, ina gramu 160, maunti ya chuma, inafokasi karibu mpaka sentimita 35. Ile ya kabla yake, f/1.8 II ya mwaka 1990, ina maunti ya plastiki, inapiga kelele ikifokasi, na ikianguka mara moja inagawanyika, kwahiyo kama tofauti ya bei ni ndogo usiichukue, tafuta STM. 50 ni ya nani? Anayepiga mtu mmoja mmoja au wawili: potreti, bibi harusi na mpambe wake, mtoto wa kipaimara, nguo za kuuza mtandaoni, na ana nafasi ya kurudi nyuma. Kwenye kropu inabana kama 80mm ya fulu fremu, ndio maana sura zinatoka vizuri, pua haivimbi, nyuma kunablari vizuri. Haina stebilaiza, na bodi za Canon DSLR nazo hazina, kwahiyo usishuke chini ya 1/80 hata kama mtu amesimama.

Canon EF-S 24mm f/2.8 STM, 2014, nyembamba kama andazi lililokandamizwa, gramu 125. Hii ndio nilimwambia mdogo wangu aiangalie. Inaona kama 38mm ya fulu fremu, sebule inaingia, inafokasi mpaka sentimita 16 kwahiyo pete, keki, kadi ya mwaliko zote inazipiga. Lakini niwe mkweli kabisa, kwenye mwanga faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. 18-55 ikiwa kwenye 24mm iko kama f/4, na kutoka f/4 kwenda f/2.8 ni mwanga mara mbili tu. ISO 6400 inakuwa 3200. Ni nafuu, sio muujiza. Ukiichukua ichukue kwa sababu ya ushapu na wepesi. Na kuna 40mm f/2.8 STM ya 2012, nzuri kwenye fulu fremu, kwenye kropu mimi naiona inakaa katikati ya nyumba mbili, sio pana sio ya potreti.

Sasa ninayoipenda kwa mtu wa shughuli: zumu ya 17-50 yenye f/2.8 mwanzo mpaka mwisho, used. Sigma 17-50mm f/2.8 OS ya 2010, au Tamron 17-50mm f/2.8 ya 2006 isiyo na stebilaiza ambayo ni ndogo na shapu, au Tamron iliyofuata ya VC yenye stebilaiza. Canon wenyewe wana 17-55mm f/2.8 IS USM ya 2006, ni tamu sana, ila ni nzito gramu 645 na bei yake hata used mara nyingi inakwenda juu ya bajeti tunayoiongelea. Kwenye 50mm hizi zinakupa mwanga mara 4 ya 18-55, na kwenye 17 unaingiza familia nzima, na hubadilishi lenzi katikati ya watu wanaokata keki. Mimi baada ya ile kazi ya mahari nilirudi nyuma nikajikusanya tena, nikachukua Sigma used, na kwa miaka miwili ndio ilikuwa lenzi yangu ya kila kitu. Kama unalipwa kwa shughuli na una uwezo wa kusubiri miezi mitatu ukaongezea, subiri. Bei zinapanda na kushuka na dola kwahiyo sitaandika namba hapa, ila uliza sehemu tatu tofauti, na linganisha na za nje zinazouzwa used kabla hujataja unachoweza kutoa.

Umbali, kama ulikuta picha zako zote ziko 55: 55-250mm IS STM ya 2013. Tafadhali usichukue 75-300 kwa sababu tu namba ni kubwa na bei ni ndogo. Haina stebilaiza na ukivuta mwisho inalegea, nimeziona nyingi zinauzwa na watu waliokaa nazo mwezi mmoja. Na mjue 55-250 ni ya mchana, uwanjani, mahafali ya nje, ukumbini usiku itakuangusha.

Vingine ambavyo sio mbadala: 18-135 ni ndefu lakini giza ni lilelile f/3.5-5.6. Na vile vioo vya kufunga mbele ya lenzi vilivyoandikwa 0.43x sijui makro, kona zote za picha zinayeyuka, hiyo hela kula chipsi.

Kama 18-55 yako ni ile ya zamani isiyo na stebilaiza, au ile ya DC III inayokuja na bodi za chini, kuna njia ya bei ndogo kuliko zote ambayo hakuna anayeitaja: nunua 18-55 IS STM used. Stebilaiza inakuja, fokasi haina kelele kwenye video, na watu wanaziuza karibu bure wakihama.

Nikon: 35mm f/1.8G DX ya 2009, ilitoka kwa dola 200 kasoro kidogo, na kwangu mimi ni ya kwanza kununua kabla hata ya 50, kwa sababu inaona kama 52mm ya fulu fremu na chumbani unaishi nayo. Sigma na Tamron za 17-50 zipo za Nikon pia. Sony a6000 na ndugu zake: Sigma 30mm f/1.4 ya 2016 ukitaka mwanga, Sigma 18-50mm f/2.8 ya 2021 ukitaka moja ya kila kitu, ni ndogo ajabu. Hiyo 18-50 tangu 2024 ipo na ya Canon RF, wenye R50 na R10 mna bahati. Wenye Canon R pia mna RF 50mm f/1.8 ya 2020.

KABLA YA HATUA YA 6, FLASHI

Naisimamisha hapa kwa sababu inaokoa hela. Kama kazi zako ni vyumbani na dari ni nyeupe na iko chini, flashi ya juu ya kamera inayogeuza kichwa, Godox TT600 au Yongnuo YN560, ukaielekeza darini, itakupa picha safi zaidi ya lenzi yoyote ya f/2.8. Na 18-55 yako utaitumia f/5.6 bila wasiwasi. Ukumbi wa dari nyeusi au hema la nje, hapo hakuna pa kugongesha mwanga, rudi kwenye lenzi. Ila angalia sana: Canon 2000D, 4000D na 250D hazina ile pini ya katikati pale juu pa kufungia flashi, hizo flashi za manyuo (unazoziseti mwenyewe kwa mkono) hazitawaka kabisa. Chungulia kamera yako sasa hivi, ukiona pini ya katikati haipo usinunue.

HATUA YA 6: DUKANI AU KWA MTU ANAYEUZA USED

Nenda na kamera yako, betri imejaa, memori kadi tupu, na tochi, hata ya simu inatosha. Muuzaji anayekukatalia kupima, muage kwa heshima uondoke. Mimi nilishawahi kuharakishwa na muuzaji mmoja, "kaka kuna mtu anaifuata saa kumi", nikalipa, nyumbani nakuta fangasi. Tangu siku hiyo anayenikimbiza simfuati.

Fungua kifuniko cha mbele na cha nyuma, mulika tochi kutoka nyuma, wewe angalia kwa mbele ukiinamisha lenzi pole pole. Vumbi punje mbili tatu sio kitu, hata mpya zina vumbi. Unachotafuta ni utando kama wa buibui au mizizi midogomidogo, hiyo ndio fangasi, na sisi wa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa tunaijua kwa sababu ya unyevu wa bahari. Usichukue hata kwa nusu bei. Ukungu wa maziwa ndani ya kioo pia hapana. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele hausumbui sana, mkwaruzo kioo cha nyuma unasumbua.

Angalia skrubu za maunti. Zimechubuka vichwa? Ilishafunguliwa, uliza kwa nini. Itikise pembeni ya sikio, lenzi yenye stebilaiza ina mlio mdogo wa kawaida, ila ikicheza kama njuga weka chini.

Ifunge kwenye kamera. Piga f ya chini kabisa, afu f/8, afu f/16, na kama ni zumu rudia kwenye 17, kwenye 35, kwenye 50. Hii watu wanairuka. Ndani ya zumu kuna waya bapa wa apecha unaokunjwa kila ukizungusha, ukichoka unakatika, na ugonjwa wake ni kwamba kwenye f/2.8 lenzi inapiga vizuri tu, ukifunga tundu kamera inakuandikia Err 01. Ukipima f/2.8 peke yake utaondoka unafurahi.

Afu simama mbele ya ukuta wa matofali au shata za duka zenye mistari, kamera imenyooka kabisa na ukuta, f/2.8, linganisha kona ya kushoto na ya kulia. Kona kulegea kidogo zote sawa ni kawaida. Upande mmoja kulegea, hapana.

Mwisho fokasi. Weka gazeti mezani limelala, kamera iko pembeni kwa mshazari, lenga mstari mmoja wa maandishi katikati kwa f ya chini kabisa. Kuza kwenye skrini. Mstari uliolenga ndio uliopo shapu? Kama kila mara shapu iko mistari miwili mbele au nyuma, hiyo lenzi na bodi yako hawapatani. Jaribu na laivu vyu, kwa skrini. Kama kwa skrini iko sawa basi shida ni ya fokasi ya kuchungulia. 70D na 80D zina sehemu ya kurekebisha kwenye menyu, 700D na 200D hazina, utakuwa mtumwa wa skrini, kwahiyo tafuta nyingine.

HATUA YA 7: WIKI MBILI ZA MWANZO

Wengi wakipata f/1.8 wanapiga kila kitu f/1.8, na wanarudi wanalalamika picha hazipo shapu. Kwa 50 kwenye kropu, ukiwa mita 1.5 na mtu, kinachokuwa shapu ni kama sentimita 6 tu. Jicho la mbele limo, sikio limetoka. Ukiwa mita 2 ni sentimita 11. Maharusi wawili bega kwa bega weka f/2.8 mpaka f/4, watu wa mistari miwili ukiwa mita 4 weka f/4 hapo unapata karibu mita nzima. f/1.8 iache kwa mtu mmoja au kwa giza lisilo na ujanja.

50 STM ina pua inayotoka mbele ikifokasi, ukiigonga ikiwa imetoka mota inaumia, kwahiyo nunua hudi (kikombe cha kukinga mbele ya lenzi) ya ES-68 na hakikisha pua imerudi ndani kabla ya kuiweka begini. Filta za 18-55 hazitaingia, ile ni 58 kwa nyingi na hii ni 49.

Na 18-55 usiiuze, nakuomba. Bei utakayopata haitanunua kitu cha maana, na siku ya sebule ndogo itakuwa ndio lenzi pana uliyonayo. Kaa nayo begini, 18mm, f/4, flashi darini.

Kuhifadhi: bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana, pakiti za silika zile za rangi, zikibadilika rangi zikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo urudishe. Ukipata kipimo cha unyevu cha bei ndogo kiweke humohumo, isome asilimia 40 mpaka 50. Begi la kamera kabatini ndio nyumba ya fangasi, hasa likiwa limetoka kwenye mvua.

Mdogo wangu mwisho wa siku kachukua flashi kwanza maana pini ya kamera yake ipo na shule anazopiga zina dari nyeupe, na hela iliyobaki anaiongezea kwa ajili ya 17-50. Nimemwambia baada ya mwezi anitumie picha nyingine 200 tuhesabu tena, tuone kama zile 131 zimebaki palepale.